Kashagan: mafuta chini ya bahari ya mita nne inayoganda barafu. Tuijadili

Pondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Humu jukwaani tukigusa mafuta na gesi ya baharini, mazungumzo huishia kwenye kina kirefu, pengine kwa sababu gesi yetu kubwa ya kusini iko kwenye maji ya zaidi ya mita elfu moja. Wengi wamebaki na imani kwamba maji yakiwa machache, kazi ni nyepesi. Naomba leo tuizungumze Kashagan, hifadhi ya mafuta ya Kazakhstan, kwa sababu pale uchache wa maji ndio uliofanya karibu kila kitu kiwe ghali.

Mahali penyewe ni kaskazini mwa Bahari ya Kaspi, upande wa Kazakhstan, kama kilometa 80 kutoka mji wa Atyrau. Uvumbuzi ulitangazwa mwaka 2000, na ilielezwa kuwa ndiyo hifadhi kubwa zaidi kupatikana tangu Prudhoe Bay ya Alaska mwaka 1968. Mafuta yanayokadiriwa kuweza kutolewa ni mapipa kati ya bilioni 9 na 13. Kina cha maji sasa: mita tatu hadi tano. Pondo ya mtumbwi inagusa chini.

Eneo hilo la bahari linapokea mito ya Volga na Ural, kwa hiyo chumvi yake ni ndogo na maji yanaganda upesi. Majira ya joto hufika nyuzi 40, majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Barafu inakaa miezi minne hadi mitano. Unene wake si wa kutisha, mara nyingi haufiki mita moja, ila haitulii. Upepo unaisukuma, vipande vinapandana, vinarundikana mpaka rundo linakaa kwenye sakafu ya bahari na kuinuka mita kadhaa juu ya maji. Kwenye kina kirefu rundo kama hilo lingepita likielea. Hapa linakwaruza chini na kuacha mitaro kwenye udongo. Bomba likilazwa wazi litakatwa, hivyo yote yalibidi yafukiwe.

Upepo huohuo unahamisha na maji. Siku ya upepo mkali kina kinaweza kupanda au kushuka kwa mita moja au zaidi. Kwenye bahari ya mita nne, hiyo ni robo ya maji yote imeondoka, na meli iliyofika asubuhi jioni iko matopeni.

Kisima cha kwanza kilichimbwa kwa tishari liitwalo Sunkar. Hilo tishari lilikuwa likifanya kazi kwenye vinamasi vya Nigeria kabla ya kubadilishwa kwa ajili ya baridi. Mitambo mikubwa ya kuchimbia yenye miguu ya kushusha isingeweza hata kuelea kufika pale. Tishari likakalishwa juu ya kitako cha mawe.

Kwa uzalishaji wakajenga visiwa. Mawe yalichimbwa nchi kavu, yakapakiwa kwenye matishari, yakamwagwa baharini mpaka ardhi ikatokea. Kikubwa kinaitwa Kisiwa D, ndicho chenye mitambo ya kutenganisha mafuta na gesi, na vingine vidogo ni vya visima. Pembeni wameweka kuta na matuta ya mawe ili barafu ivunjikie huko kabla haijafika kwenye mitambo.

Mitambo yenyewe nayo ina hadithi yake. Kaspi haina mlango wa kutokea kwenye bahari nyingine. Vitu vizito kutoka Ulaya vilipita mfereji wa Volga-Don, na upana wa malango ya mfereji ndio ulioamua upana wa mtambo. Baridi ikiingia mfereji unafungwa. Ukichelewa kupakia, unasubiri barafu iyeyuke.

Ratiba ya awali ilisema mafuta ya kwanza yatatoka mwaka 2005. Yalitoka Septemba 2013, yakasimama ndani ya wiki chache, yakarudi mwaka 2016. Gharama ilifika takriban dola bilioni 50. Nitaeleza kilichotokea, ila kwanza nataka nisikie maswali yenu.

---

Kaka Ruvuma

Mkuu Pondo, uzi mzito huu, shukrani. Swali langu: kwa nini hawakujenga jukwaa kubwa la chuma na kulikalisha chini, kama Warusi walivyofanya kule kaskazini? Lile ambalo Greenpeace walikwenda kulipanda wakakamatwa.

---

Pondo

Kaka Ruvuma, unazungumzia Prirazlomnaya, na umegusa penyewe.

Prirazlomnaya iko Bahari ya Pechora, kama kilometa 60 kutoka pwani ya Urusi. Nayo ni bahari ya kina kidogo yenye barafu, lakini maji ni karibu mita 20. Pale walijenga sanduku la chuma la mita 126 kwa 126 kwenye karakana ya Sevmash, Severodvinsk. Sehemu ya juu ilitolewa kwenye jukwaa la zamani la Hutton lililokuwa Bahari ya Kaskazini. Mwaka 2011 likavutwa, likakalishwa, likajazwa uzito mpaka barafu isiweze kulisogeza. Uzalishaji ulianza Desemba 2013 na shehena ya kwanza iliondoka Aprili 2014. Meli za mafuta zenye nguvu ya kupita kwenye barafu zinakuja kando ya jukwaa na kupakia hapohapo.

Kwa hiyo mita 20 zinakupa mambo mawili: sanduku linaweza kuelea mpaka mahali pake, na meli ya kubeba mafuta inaweza kulifikia. Kwenye mita nne yote mawili yanakufa. Sanduku la uzito ule lingegota chini mbali kabla ya kufika. Meli ya mafuta haiwezekani kabisa, ndiyo maana Kashagan kila tone linasafiri kwa bomba hadi nchi kavu.

Tukio la Greenpeace ni la Septemba 2013. Watu 30 wa meli ya Arctic Sunrise, wawili wao wanahabari, walikamatwa na kuzuiwa kuondoka Urusi mpaka msamaha wa Desemba. Mwezi huohuo wa Septemba Kashagan ilikuwa inatoa mafuta yake ya kwanza.

Alaska nao wametumia visiwa vya kumwaga. Northstar, kwenye Bahari ya Beaufort, ni kisiwa cha kokoto kwenye maji ya mita 12 hivi, na kimezalisha tangu 2001. Lakini kina hicho ni mara tatu ya Kashagan, na mafuta yake hayana sumu ya Kashagan.

---

Bint Chongoleani

Kaka Pondo, sumu gani tena? Naomba ufafanue, na mimi ni mtu wa afya na usalama kazini, hili linanihusu.

---

Pondo

Dada yangu, gesi inayotoka na mafuta ya Kashagan ina haidrojeni salfaidi karibu asilimia 15. Wewe unajua viwango kuliko mimi. Sehemu 100 tu katika milioni zinatosha kuiua pua isinuse tena. Zikikaribia 1,000 mtu anaanguka kwa pumzi chache. Asilimia 15 ni sehemu 150,000 katika milioni.

Ongeza kwamba hifadhi iko zaidi ya mita 4,000 chini ya sakafu ya bahari, na presha yake ni zaidi ya baa 700, yaani zaidi ya mara 700 ya presha ya hewa ya kawaida. Mwamba wenyewe ni miamba ya matumbawe ya kale iliyofunikwa na tabaka nene la chumvi. Jirani yake wa nchi kavu, Tengiz, ana mwamba wa aina hiyohiyo, na mwaka 1985 kisima namba 37 cha Tengiz kililipuka na kuwaka kwa zaidi ya mwaka mzima. Waliokuwa wanapanga Kashagan walikuwa na kumbukumbu hiyo. Sasa wahamishie hatari hiyo kwenye kisiwa, katikati ya barafu.

---

Bint Chongoleani

Hapo ndipo ninapotaka kubaki kidogo, maana watu wanahesabu mapipa na kusahau kwamba juu ya kile kisiwa kuna wafanyakazi mamia.

Kwenye jukwaa la kawaida la baharini, mpango wa kuokoa watu unategemea boti za kushushwa majini. Ukishusha boti ya kawaida juu ya barafu imekaa tu. Helikopta haiwezi kutegemewa kwenye ukungu, wala huwezi kuipeleka ndani ya wingu la gesi hiyo. Kutembea juu ya barafu ni mauti ya aina nyingine: inavunjika, ina nyufa, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini chini ikifuata upepo.

Kwa hiyo unahitaji mambo matatu yafanye kazi pamoja: jengo la kujifungia lisilopitisha gesi, lenye hewa yake, chombo cha kutorokea kinachovunja barafu huku nacho kimefungwa kisipitishe gesi, na watu waliofundishwa mpaka mikono inajua yenyewe. Anayevaa kinyago cha hewa kwa mara ya kwanza siku ya ajali hatoki. Kaka Pondo, vyombo hivyo wanavyo?

---

Pondo

Wanavyo. Walitengenezewa vyombo maalumu vya kuokolea vinavyovunja barafu, vyenye hewa ya ndani ili injini na watu waendelee kupumua hata ndani ya wingu la gesi. Na visiwa vilipangwa kwa kutenganisha makazi na mitambo, kwa kufuata upepo.

Hata meli za kawaida za huduma ilibidi zibuniwe upya. Mwaka 1998 kampuni ya Wagenborg ya Uholanzi ilileta mbili, Arcticaborg na Antarcticaborg. Hazizami hata mita tatu, lakini zinavunja barafu. Barafu ikiwa nene zinageuka na kwenda kinyumenyume, kwa sababu pangaboi zake zinazozunguka pande zote zinaisaga na kuisukuma kando. Mimi nimezisoma hizo meli nikazipenda kwa kweli. Ni kazi ya akili iliyotulia.

Haya, sasa kilichowaangusha. Tarehe 11 Septemba 2013 mafuta yalianza kutoka. Tarehe 24 bomba la gesi likavuja. Wakatengeneza, wakawasha tena mapema Oktoba, likavuja tena ndani ya siku chache. Wakasimamisha kila kitu. Barafu haikuhusika, wala kina cha maji. Chuma kilipasuka kutoka ndani.

---

Mshono

Wakuu, hapa niingie, maana kuchomelea ndiyo kazi inayonilisha.

Kinachosemwa ni kwamba ile haidrojeni salfaidi ikikutana na unyevunyevu inaachia haidrojeni, na chembe zake ni ndogo mno kiasi kwamba zinapenya ndani ya chuma. Chuma laini kinazistahimili. Chuma kigumu hakiwezi. Kinapasuka ghafla, hata kama ukuta wa bomba ni mnene na presha iko ndani ya kiwango.

Ugumu unatoka wapi? Mara nyingi kwenye mshono na pembeni yake. Unapochomelea, chuma kinayeyuka, kisha kikipoa haraka kinakuwa kigumu, kama panga ambalo mhunzi amelitoa motoni akalitumbukiza majini. Ndiyo maana kazi ya gesi chachu, yaani gesi yenye haidrojeni salfaidi, inataka upashe bomba moto kabla, udhibiti joto kati ya tabaka na tabaka, na upime ugumu wa mshono, si kupiga picha ya mionzi pekee. Picha itakuonyesha tundu na ufa. Ugumu hauonekani kwenye picha. Mshono unaweza kuwa safi, unang'aa, umepita ukaguzi wote wa macho, na bado ni mbovu kwa gesi ya aina hiyo.

Na mimi nasema hivi bila kuwalaumu mafundi wa pale: mabomba mawili, moja la mafuta na moja la gesi, kila moja kilometa 90 na kitu. Hiyo ni maelfu ya mishono. Ukishagundua kwamba sehemu ngumu zipo na hujui zote ziko wapi, huwezi kubandua mshono mmoja mmoja chini ya bahari. Unatoa lote.

---

Pondo

Mshono, ubarikiwe. Ndivyo ilivyokuwa. Uchunguzi ulitaja mpasuko uliosababishwa na salfaidi, na mabomba yote mawili yakabadilishwa. Safari hii waliweka mabomba yaliyofunikwa ndani kwa aloi ya nikeli isiyoliwa na gesi hiyo. Mwaka 2015 Saipem walipewa mkataba wa karibu dola bilioni 1.8 kwa kazi hiyo. Mtaro wa pili, ufukiaji wa pili, kwenye maji yaleyale ambayo matishari yanagota. Septemba na Oktoba 2016 mafuta yakarudi.

Ndiyo maana nikasema kina kidogo kilizidisha bei ya kila kosa. Kosa la mshono lingetokea popote. Lakini kulirekebisha pale kulihitaji kuchimba njia ya matishari upya na kusubiri misimu ya barafu ipite.

---

Wakili wa Kata

Mimi niulize la pesa. Miaka mitatu hiyo bila mafuta, na mabomba mapya, alilipa nani? Maana kwenye mikataba ya kugawana uzalishaji mwekezaji anarudisha gharama zake kutoka kwenye mafuta kabla nchi haijapata mgawo wa maana.

---

Kaka Ruvuma

Wakili, hapo Kazakhstan walipigwa tu. Walisaini mwaka 1997 nchi ikiwa changa, haina pesa, haina wataalamu. Wakubwa wakaandika wanavyotaka.

---

Pondo

Ndugu zangu, siafiki kwamba walipigwa tu. Mkataba ulisainiwa Novemba 1997, nchi ikiwa na miaka sita ya uhuru, hilo ni kweli. Lakini hawakukaa kimya. Ratiba ilipoendelea kusogezwa, serikali ilibana, na makubaliano ya mwaka 2008 yakaipa kampuni ya taifa, KazMunayGas, hisa mara mbili ya ilizokuwa nazo, kutoka asilimia 8.33 hadi 16.81. ConocoPhillips walipouza hisa zao mwaka 2013, wahindi wa kampuni ya mafuta ya ONGC walikuwa wameshafikia makubaliano ya kununua. Kazakhstan ikatumia haki yake ya kununua kwanza, na CNPC ya China ikaingia kwa asilimia 8.33. Wabia wengine ni Eni, ExxonMobil, Shell, TotalEnergies na Inpex ya Japani.

Mwanzoni mwa 2014 mamlaka ya mazingira iliwadai tenge (sarafu ya Kazakhstan) bilioni 134, zaidi ya dola milioni 700 wakati ule, kwa gesi iliyochomwa hewani wakati wa ile mivujo. Mwaka 2023 nchi ilipeleka madai kwenye usuluhishi wa kimataifa, ikipinga gharama za takriban dola bilioni 13 ambazo kampuni zilitaka kuzirudisha. Hilo ndilo jibu la swali la Wakili: ugomvi wa nani alipe bado ni ugomvi wenyewe.

Ninachoona mimi ni kwamba kifungu cha kurejesha gharama kinamfanya mwenye nchi alipie makosa ya mwendeshaji, isipokuwa kama ana wakaguzi wanaoweza kusimama na kusema gharama hii haikustahili. Na mkaguzi huyo lazima ajue mambo ya Mshono. Mhasibu peke yake hawezi kubaini kwamba bomba la mabilioni lilinunuliwa mara mbili kwa sababu ya ugumu wa chuma.

---

Wakili wa Kata

Hapo umenifungua. Na naona TotalEnergies ndio haohao wa bomba la Hoima hadi Tanga.

---

Pondo

Ndio hao. Kwenye bomba la EACOP wana asilimia 62. Ila tusichanganye hatari. Mafuta ya Uganda yana salfa kidogo na shida yake ni nta: yanaganda kwenye joto la kawaida, hivyo bomba la kilometa 1,443 linapaswa kupashwa moto njia nzima. Ile gesi ya Kashagan haiko huko. Cha kufanana ni mikataba, na umuhimu wa kuwa na watu wetu kwenye meza ya ukaguzi.

---

Bint Chongoleani

Na viumbe wa bahari je? Nimesoma kwamba Kaspi ina sili.

---

Pondo

Ina sili wake ambao hawapatikani penginepo duniani. Wanazaa juu ya barafu ya kaskazini, kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi hivi, yaani msimu uleule na eneo lilelile ambalo meli za kuvunja barafu zinapita kwenda visiwani. Mtoto wa sili mwenye manyoya meupe hawezi kuogelea vizuri bado. Meli ikipasua barafu kati yake na mama, au ikamlowesha, nafasi yake ni ndogo. Watafiti wamesafiri ndani ya meli hizo na kuandika walichokiona, na wakashauri njia zipindishwe kukwepa makundi. Tangu mwaka 2008 sili hawa wako kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Uwindaji wa karne iliyopita na nyavu za wavuvi ndivyo vilivyowamaliza zaidi, lakini waliobaki hawana nafasi ya kupoteza kizazi kila mwaka. Hapa siwezi kuwa mtulivu: njia ya meli inaweza kupindishwa kwa gharama ya mafuta kidogo ya ziada, na haipaswi kuwa jambo la kujadiliana.

Halafu kuna salfa. Gesi ikisafishwa kwenye kiwanda cha Bolashak, karibu na Atyrau, salfa inabaki kwa tani nyingi sana. Mwaka 2023 serikali ilidai faini ya tenge trilioni 2.3 kwa madai kwamba imehifadhiwa kupita kiwango cha kibali. Sehemu kubwa ya gesi chachu wanairudisha chini kwa kompresa za presha kubwa, jambo ambalo linapunguza salfa na pia linasukuma mafuta yapande.

---

Kaka Ruvuma

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Wanasema Kaspi inakauka. Mita nne zitabaki?

---

Pondo

Hazijabaki hata sasa, kaka. Maji ya Kaspi yamekuwa yakishuka tangu katikati ya miaka ya 1990, na kaskazini ndiko kunakoumia kwanza kwa sababu ndiko kwenye kina kidogo. Kampuni imelazimika kuchimba njia za majini za makumi ya kilometa ili matishari na vyombo vya uokoaji viendelee kufika. Mchango mkubwa wa maji ya Kaspi unatoka Volga, ambayo inapita Urusi yote ya Ulaya na ina mabwawa mengi, na joto linaloongezeka linavukiza zaidi.

Kashagan leo inatoa takriban mapipa 400,000 kwa siku, na mengi yake hupita bomba la CPC hadi bandari ya Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi. Kwa wanaopanga awamu zinazofuata, swali la kina limerudi mezani upya: wajenge visiwa zaidi na kuendelea kuchimba njia za meli kila msimu, au siku moja wajenge barabara ya tuta kutoka pwani, kama wale wa Endicott kule Alaska walivyofanya tangu miaka ya 1980. Bint Chongoleani, hilo la pili lingebadilisha hata mpango wako wa kuokoa watu. Ningependa kusikia ungeupangaje.

---

Bint Chongoleani

Barabara moja haitoshi. Upepo ukivuma kuelekea pwani, wingu la gesi linaifuata barabara yote, na utakuwa umewatoa watu kwenye jengo salama ukawapeleka ndani yake. Ningeitumia kwa vifaa na zamu, lakini vyombo vya kuvunja barafu vingebaki upande wa pili wa kisiwa, na njia yake ya maji ingeendelea kuchimbwa hata kama hakuna mzigo unaopita.